Pigania cheo kwanza, mshahara utafuata

Ndugu, umesema una miaka 4 ya ukaguzi wa hesabu kwenye kampuni ndogo na hawa wakubwa wa ukaguzi wamekupa ofa ya asosieti (ngazi ya chini) wakati wewe unajiona sinia (senior, ngazi ya juu yake), sasa unauliza ubishanie hela au cheo. Cheo! Kwenye makampuni kama Deloitte, PwC, EY na KPMG mshahara unafuata ngazi, na kupanda kwa kawaida ni mara moja kwa mwaka, so ukiingia chini unaweza kumaliza mwaka mzima unafanya kazi ya sinia kwa hela ya asosieti.

Ila usiende na maneno matupu. Mimi nilipohama niliandika ukurasa mmoja tu, kaguzi nilizoongoza, vijana niliowasimamia, nani alikuwa anapitia mafaili yangu, CPA (mitihani ya taaluma ya uhasibu) imefikia wapi, nikamtumia meneja wa idara pia sio HR peke yake, maana yeye ndo anajua timu yake imepungukiwa nini.

Wakigoma kabisa omba waandike kwenye barua ya ajira lini watakupima tena, ahadi ya kwenye simu ikishapita msimu wa hesabu za mwaka hakuna anayeikumbuka. Na tafadhali usiache kazi ya sasa kabla hujasaini.