Mkuu, usipige ringi kwenye mpini mbichi

Ziweke chini hizo ringi kwanza, hizo pete za chuma za kuubana mpini usipasuke. Umeandika kwamba umechonga mipini 30 ya patasi kwa mti wa mkole uliokatwa wiki iliyopita, kuna mtu kakwambia uipige ringi ingali mbichi na ikilegea uiloweke, na sasa unauliza ringi ukate kwenye bomba la saizi gani na utumie gundi gani. Gundi haitakusaidia chochote, kwa sababu mti wenyewe haujakauka.

Mimi nilifanya hivyohivyo Machi 2019. Ujenzi wa Mji wa Serikali kule Mtumba, Dodoma, ulikuwa umepamba moto, patasi hazikai dukani, nikapata oda ya mipini 48. Fundi mmoja mzee, niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi, akaniambia mti mbichi ndio mzuri, ringi inaingia bila kuupasua. Na kweli iliingia. Nyundo mbili tu imekaa, utomvu unachuruzika pembeni kama jasho. Nikakabidhi mzigo Aprili, mvua zinaishiaishia, nikalipwa.

Mwezi wa saba simu zikaanza. Unaujua upepo wa Dodoma wa wakati huo, hata midomo inapasuka. Nikaenda kwenye karakana ya mteja, nikashika patasi moja na kuielekeza chini: ringi ikateleza yenyewe, ikagonga bapa la chuma. Nyingine ilikuwa bado haijadondoka, lakini ukucha wangu ulipita kati ya chuma na mti. Wiki hiyohiyo kijana mmoja alikuwa anachimba tundu la kitasa. Akapiga, mpini ukapasuka kwa urefu kwa kuwa hakuna kilichoubana, mkia wa patasi, ile ncha inayoingia ndani ya mpini, ukachomoza na kumwingia kwenye shina la kidole gumba. Alishonwa nyuzi 7.

Nikarudi kwa mzee. Akanijibu bila wasiwasi wowote: loweka usiku kucha. Nikaitumbukiza mipini yote kwenye pipa la maji. Asubuhi kila ringi imekaza utadhani imechomelewa, nikairudisha kwa mteja nikiwa na furaha. Wiki tatu baadaye ilikuwa imelegea kuliko mwanzo. Nikarudisha hela yote, nikauza drili yangu ya meza ili nichangie matibabu ya yule kijana. Mzee hakuwahi hata kuniuliza yaliishaje. Namkasirikia mpaka leo, maana hakuwa anabahatisha, alikuwa anafundisha watu. Na huyo aliyekuelekeza wewe anafanya kosa lilelile.

Ukweli ni huu. Mti ukikauka karibu hausinyai kwa urefu, unasinyaa kwa unene. Chuma kinabaki vilevile. Kwenye shingo ya mpini, pale inapokaa ringi, yenye unene wa milimita 22, mti mbichi unaweza kupoteza kama milimita nzima, tena hausinyai sawasawa, duara linageuka yai. Ukiuloweka, unataka kuvimba lakini ringi imeuzuia, kwa hiyo nyuzi zake zinajiponda zenyewe dhidi ya chuma. Ukikauka tena, unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kuloweka. Kila ukiloweka unaharibu zaidi.

Kwa hiyo kausha kwanza. Paka rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili ili usipasuke, panga kivulini penye upepo, usianike juani. Chukua mipini mitano, ipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki, uzito uandike kwa penseli kwenye mpini wenyewe. Uzito ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, hapo umekauka. Kwangu ilichukua kama miezi mitatu ya kiangazi. Sasa hivi napiga ringi Agosti na Septemba tu, mti ukiwa umekauka mpaka mwisho. Mvua zikija Desemba mti unavimba kidogo, ringi inazidi kukaza.

Kuhusu bomba, la maji la inchi robo tatu linatosha, tundu lake ni kama milimita 21. Kata kwa msumeno wa chuma, kisha ukingo wa ndani ulainishe kwa tupa, la sivyo utanyoa mti badala ya kuubana. Shingo ya mpini iache nene kuliko tundu kwa chini ya nusu milimita. Toboa tundu la mkia wa patasi baada ya ringi kuingia, si kabla. Na usilitie motoni bomba lenye zinki, moshi wake mweupe unaleta homa.

Huo mkole wako una wiki moja tu. Kaazime mizani leo, uzito wa kwanza ndio muhimu, ukichelewa hutajua umeanzia wapi. Kama mteja ana haraka, mwambie utamtengenezea michache kwa mninga wa zamani uliokwisha kukauka, hata wa fremu ya mlango iliyong'olewa, na iliyobaki aisubiri.