Hoja yangu ilikuwa sahihi, mbona mama wa watu kajitoa kwenye grupu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo dada. Kwenye grupu letu la WhatsApp la parokia kuna mama aliandika kwamba wanaopokea Komunyo mkononi wanamdharau Yesu, ati ni mambo ya Waprotestanti. Mimi ni kijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, na hizi hati za Kanisa huwa nazisoma, nikamwekea ya Vatikani, akasema bado yeye hakubali, ndo nikamwandikia "kasome kwanza mama, Ufarisayo hautakupeleka mbinguni". Watu wakamwaga emoji za kucheka, mmoja akapiga skrinshoti akaipeleka grupu la kwaya. Mama kajitoa. Sasa naambiwa sina upendo, lakini si tunafundishwa kuwaonya wakosefu? Na nilichosema ni kweli.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Milele amina mdogo wangu. Kuhusu Komunyo uko sahihi, hilo sikuzungushi. Hati ya Vatikani ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004, namba 92, inasema pale baraza la maaskofu liliporuhusu kwa kibali cha Roma, anayetaka kupokea mkononi apewe. Tena desturi yenyewe ni ya zamani mno, zile katekesi, yaani mafundisho ya imani, zenye jina la Mt. Sirili wa Yerusalemu, karne ya 4, zinawafundisha waliotoka kubatizwa waufanye mkono wa kushoto kiti cha enzi cha ule wa kulia kwa sababu unampokea Mfalme, na karne ya 4 hao Waprotestanti walikuwa bado hawajakuwepo.

Ila hiyo namba 92 uliisoma yote? Maana inaanza kwa kusema muumini ana haki siku zote kupokea kwa ulimi, na inamalizia kwamba kukiwa na hatari ya kukufuru Ekaristi basi isitolewe mkononi. Yaani hofu ya huyo mama, kwamba Yesu asidharauliwe, imo humohumo kwenye hati uliyomrushia! Ungeanza na hapo, ukamwambia mama hofu yako Kanisa linayo pia, na haki yako ya kupokea mdomoni hakuna wa kukunyang'anya, halafu ndo umwonyeshe kwamba na mwenzake anayenyoosha mikono hajakosa, nadhani mngeongea lugha moja. Katekisimu namba 2478 inamnukuu Mt. Inyasi wa Loyola akisema Mkristo mwema awe tayari kuyapokea maneno ya mwenzake kwa maana nzuri kuliko kuyalaani, asipoweza amuulize anamaanisha nini, na akiwa ameelewa vibaya amsahihishe kwa upendo. Wewe hukumuuliza chochote, ulimwita Farisayo, na hapo ulishaiacha hoja ukahamia moyoni mwake ambako hujui kuna nini.

Kuwaonya wakosefu ni tendo la huruma kweli kabisa, lakini kwenye orodha hiyohiyo tuliyokariri kwenye mafundisho kuna kuwafundisha wajinga na kuna kuwavumilia wasumbufu, huwezi ukachukua moja linalokupa ruhusa ukaacha mengine. Na Yesu kwenye Mathayo 18 anasema ukamwonye ndugu yako wewe na yeye peke yenu kwanza. Inboksi ipo.

Hiyo skrinshoti ndo imeniuma zaidi. Mt. Augustino akiwa Hippo, Afrika Kaskazini, alimwandikia Mt. Yeronimo aliyekuwa Bethlehemu kumpinga jinsi alivyoeleza Paulo kumkemea Petro kwenye Wagalatia 2, barua ikachelewa njiani, huku nakala zake zinasomwa na watu Italia kabla mwenyewe hajaipata. Yeronimo alikasirika sana na mimi namwelewa, nani anapenda kusomwa na umati kabla hajaambiwa yeye? Augustino aliomba radhi, akaeleza hakukusudia iwe hivyo, na wakaendelea kuandikiana kwa heshima ingawa hoja ile kila mmoja aliishikilia. Na hao ni walimu wa Kanisa wawili.

Kwa hiyo mpigie simu huyo mama, usimtumie meseji, shikamoo kwanza, na umwombe radhi kwa neno Ufarisayo bila kuweka "lakini" nyuma yake, mambo ya Komunyo siku hiyo yaache kabisa. Kwenye grupu andika wazi kwamba ulimvunjia heshima, maana palipochafuka hadharani pasafishwe hadharani, na yule aliyepeleka skrinshoti kwa wanakwaya mwambie aifute na aseme kwanini kaifuta. Mada yenyewe msiifungie, watu wana haki ya kuuliza. Muombeni paroko au katekista akae nanyi baada ya Misa ya Jumapili na hiyo namba 92 isomwe yote kwa sauti, na mama akikubali kuja, aulize yeye kwanza.