Unaanza kuagiza mizigo Unguja? Ijue miji kabla hujauliza bei

Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye kuagiza mizigo, karibu wote mnaniuliza kitu kimoja, kontena skuizi bei gani. Mimi nauza marumaru na vifaa vya choo hapa mjini, nna miaka kumi na kitu kwenye kazi hii, na nakwambieni bei ya kontena leo haikusaidii kama hujui kwanini jana ilikuwa nyengine.

Jua kwanza mzigo wako unatoka mji gani na mji huo unaishi vipi. Mimi nachukulia Foshan, kusini mwa China, jirani na Guangzhou. Nlipokwenda mara ya kwanza nkajiuliza hawa wanawezaje kuuza rahisi hivi, kumbe mwenye tanuri, mwenye rangi, mwenye maboksi, fundi wa mashine na mwenye lori wote wako pahala pamoja na bandari haiko mbali, kila mmoja anampunguzia mwenzake gharama. Mji ukikua ndo unavyofanya hivyo. Shenzhen iko huko huko, mwaka 1980 ilipofanywa eneo maalumu la uchumi ilikuwa kimji kidogo tu mpakani na Hong Kong, sensa ya 2020 imehesabu watu zaidi ya milioni 17.

Lakini wafanyakazi wengi wa miji ile wametoka mashamba, na mwaka mpya wao wa Kichina ukifika, Januari mwishoni au Februari, wanarudi kwao na viwanda vinafungwa. Mimi hili sikulijua. Mwaka wangu wa pili nlilipa advansi Januari, mteja ana nyumba yake Fumba anataka kuhamia kabla ya Ramadhani, kiwanda kimefungwa, kikifunguliwa wafanyakazi wengine hawajarudi, mzigo ukachelewa na mteja akataka pesa yake, nkamrudishia yote na roho inauma. Tangu hapo oda yangu ya mwisho inatoka Novemba, haivuki.

Na usifikiri ni China tu. 2021 Wamarekani wamekaa majumbani na korona wananunua vitu mtandaoni, meli zikapanga foleni nje ya Los Angeles na Long Beach, makontena yakakwama kule, China wakakosa matupu ya kupakia, nauli ikapanda mara kadhaa. Mtu anajenga Mwera hajawahi kuiona Los Angeles na choo chake kimepanda bei kwa sababu yake! Wakati ule walokuwa na mzigo stoo walipona, walosubiri nauli ishuke walifunga maduka.

Kwa wanaouza nje ni vivyo hivyo. Ndugu zangu wa Pemba, Indonesia ndo inaongoza duniani kwa kulima karafuu na sehemu kubwa inazitumia wenyewe kwenye sigara zao za kretek, kwa hiyo mavuno yao yakiharibika wanatafuta za nje, sikilizeni habari za kule kama mnavyosikiliza za Wete. Mwani nao, kina mama wa Paje na Jambiani wanaukausha juani, unaondoka mkavu vile vile unakwenda kutiwa kwenye dawa za meno na aiskrimu za watu wa mijini. Hili linaniuma sana, maana pesa kubwa iko kwenye kusindika, na kusindika kunataka mji wenye umeme, maji na mafundi.

Sasa njoo kwetu. Sensa ya 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678, ya 2022 wamefika 893,169. Laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na wote wanataka pa kulala. Hilo ndo soko lako, wala halipo kwenye simu. Mimi Ijumaa baada ya sala nachukua vespa nazunguka Fuoni, Kisauni mpaka Tunguu, nahesabu nyumba zilizofika lenta na zilizoezekwa. Ilofika lenta bado, ilokwishaezekwa huyo anakaribia kutafuta marumaru, na mzigo wangu unachukua kama miezi miwili mpaka unatoka bandarini Malindi. Chukua daftari, andika mtaa na idadi, rudi tena baada ya mwezi uone zipi zimesogea, ndo uagize.