Kuitoa chembe moja ya mionzi kwenye udongo wa Fukushima

Swali: Kaka habari, niko masomoni Japani, nina gramu moja hivi ya udongo wa Fukushima, kule kulikotokea ajali ya kinu cha nyuklia 2011, na nataka nitoe chembe moja tu yenye sesiamu (ile metali ya mionzi) nikaiangalie kwa hadubini ya elektroni. Nimechekecha, nimekaa kwenye hadubini siku nne, sioni kitu. Nakosea wapi?

Jibu: Salama mdogo wangu. Umeanzia mwisho. Zile chembe nyingi ni mikromita chache tu, na humo una mamilioni ya punje, utatafuta mpaka visa iishe. Acha mionzi yenyewe ikuoneshe ilipo.

Kwanza usiusage huo udongo, ukisaga unazivunja na vumbi unalivuta mwenyewe. Utandaze mwembamba, funika na plastiki nyepesi, laza juu yake bamba la kunasa mionzi, acha gizani usiku kucha. Asubuhi sesiamu iliyoshikwa na udongo wa mfinyanzi utaiona kama ukungu ukungu umeenea, ila chembe inatoka doa dogo kali kama mtu kachoma na ncha ya sindano. Hapo ndo pa kuchota.

Ulichochota tia kwenye maji kidogo, usiogope, hizi haziyeyuki kwa maji, tikisa, gawa mara mbili, kausha, kila nusu ipime mionzi ya gama. Kama chembe ipo kweli nusu moja itabeba karibu mionzi yote na nyingine itakuwa kimya, basi shika yenye mionzi ugawe tena, ukifika mara 10 umebaki na kama punje moja kwa kila elfu ulizoanza nazo. Ila ukiona kila ukigawa inatoka nusu kwa nusu, huo ni udongo wa mfinyanzi tu, rudi kwenye picha.

Watu watakwambia tumia kimiminika kizito, ili chembe izame na mchanga uelee. Kwa Chernobyl sawa, kule chembe nyingi ni fueli yenyewe, oksaidi ya urani, karibu gramu 11 kwa sentimita ya ujazo wakati mchanga ni 2.6 hivi, inazama. Hizi za Fukushima ni kioo cha silika, zinaelea na mchanga wako, utapoteza siku bure.

Mwisho kausha tone kwenye tepu ya kaboni, laza bamba juu yake tena, kata kipande chenye doa, hicho ndo upeleke kwenye hadubini. Humo madini ya zirkoni na punje za chuma nazo zinang'aa, zisikuzingue, we tafuta silika, chuma, zinki na sesiamu kwa pamoja. Na kama unataka uhakika ni ya 2011 na sio mabaki ya majaribio ya mabomu ya zamani, tafuta sesiamu-134, ila nusu-uhai wake, yaani muda wa kupungua nusu, ni miaka 2 tu so iliyobaki ni kidogo mno, iachie mashine ya kupima gama siku kadhaa.

Halafu kila hatua pima na ulichoacha nyuma. Mi niliwahi kutumia kibanio cha plastiki siku ya baridi kavu, kile kiumeme cha msuguano kikairusha chembe niliyoihangaikia wiki tatu, tumepekua meza nzima, kumbe iko kwenye glovu yangu, tulijua tu kipimo cha Geiger kilipoanza kulia kila nikinyoosha mkono.