Muulize Fundi: Mbona kipindi cha zamani kinang'aa na cha juzi kina ukungu?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba TV kubwa za sasa zinaumbua vipindi vya zamani, nikadhani yameisha, kumbe nimechokoza nyuki. Karibu kila aliyeandika anauliza kile kile, kipindi changu kitatoka HD (ile picha kali ya TV za sasa) lini. Mengine nimeyaunganisha maana yanafanana, msininunie.

Shikamoo fundi. Nimejibana mpaka nimenunua TV ya inchi 55, nikasema sasa narudia Star Trek zote, zile tamthilia za angani. The Next Generation ya 1987 iko safi mpaka naona mshono wa sare zao. Nikahamia Deep Space Nine ya 1993, picha kama nimevaa miwani ya bibi. Iliyokuja baadaye ndo mbaya, inakuwaje? TV imekufa? Na hiyo nyingine watatoa HD lini? (Mwana-anga, Kinondoni)

Marahaba mdogo wangu. TV yako nzima kabisa, usiipeleke popote watu wakakutoa hela bure.

Iko hivi. Zote mbili zilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ile ile ya sinema za ukumbini, na filamu hiyo ndani yake ina picha nyingi kuliko HD. Kilichoharibu ni kilichofanyika baada ya kupiga, maana ili kuokoa muda na pesa waliihamishia kwenye kanda ya vidio, wakakata na kuunga huko huko kwenye kanda, vyombo vya angani na miale ya risasi wakavichanganya huko huko, kwahiyo kipindi kilichokamilika kilikuwepo kwenye kanda tu, mistari 480 ya Kimarekani basi. Skrini ya HD ina mistari 1080, na ukihesabu vidoti vyote ni mara sita ya vile vya kanda, na kama hiyo yako ni 4K (kali kuliko HD) ni mara 24. Sasa TV inalazimika kujaza hizo nafasi kwa kukisia, ndo ukungu unaouona.

The Next Generation ilisafishika kwasababu CBS, kampuni yenye kipindi, walirudi stoo wakatoa negativu zenyewe (filamu halisi iliyokuwa ndani ya kamera), wakatafuta kila kipande kilichotumika, wakaskani, wakaunga upya vipindi vyote 178 wakifuatisha mkato wa zamani, na zile meli za angani wakachukua filamu za modeli zake na kuzipanga upya tabaka kwa tabaka. Hapo sio kwamba umesafisha kipindi, umekihariri kwa mara ya pili baada ya miaka 25! Diski za Blu-ray, zile kama DVD ila zinabeba HD, zilitoka kuanzia 2012 mpaka mwisho wa 2014, kazi nzuri sana, ila mauzo hayakufika walipotegemea maana ndo kipindi watu wanaacha kununua diski wanahamia kwenye intaneti. Wakafunga daftari.

Deep Space Nine ina vipindi 176 na ugumu wa ziada, misimu ya mwisho vita vyake vingi vya angani vilichorwa kwa kompyuta kwa kipimo cha TV ya wakati ule, hakuna filamu ya kurudia, inabidi uchore upya. Kwamba negativu zinafaa hilo tunalijua, kuna dokumentari ya 2019 inaitwa What We Left Behind mashabiki walichanga pesa na vipande vyake vikaskaniwa toka kwenye filamu, vitamu mno, ukiviona utalia. Kwahiyo inawezekana, ila nani atoe hela? Mimi naona haiji karibuni. Ningekuwa wewe ningeitazama hivyo hivyo ilivyo, hadithi yenyewe ndo bora kuliko Star Trek zote (najua wengine mtanitukana).

Ukitaka kuona njia ya katikati tafuta Babylon 5, tamthilia nyingine ya angani ya miaka hiyo hiyo. Blu-ray yake ilitoka Desemba 2023, waigizaji wameskaniwa toka kwenye filamu wako safi, ila ikija meli tu picha inafubaa ghafla, kwasababu meli zilichorwa kwa kompyuta enzi hizo na hakuna aliyezichora upya, walizikuza tu. Wengi wanalalamika, mi nawaelewa waliofanya.

Fundi mambo. Mimi na mzee wangu tunabishana mpaka kahawa inapoa. Yeye anasema vipindi vya TV vya miaka ya 50 vina picha kali kuliko vya miaka ya 80. Mwambie aache utani. (Kijana wa Old Town, Mombasa)

Mwombe radhi mzee, kakushinda. I Love Lucy ilianza 1951, nyeusi na nyeupe, ila ilipigwa kwa filamu ya milimita 35 na kamera tatu kwa wakati mmoja mbele ya watazamaji, leo ukiiskani inatoka kali hatari. The Golden Girls ya miaka ya 80 ilirekodiwa kwa kamera za vidio moja kwa moja kwenye kanda, filamu haijawahi kuwepo, kwahiyo kilichomo kwenye kanda ndo hicho hicho.

Nyinyi watu wa Pwani nitawaelezea kwa nazi. Filamu ni nazi yenyewe, ukitaka tui zito unaikuna tena na kukamua tena, mbuzi mpya chujio jipya. Kanda ni kikombe cha tui jepesi ulicholetewa na jirani, nazi yake haipo, ukiongeza maji linakuwa jingi lakini haliwi zito.

Ushahidi mzuri upo ndani ya kipindi kimoja, The Twilight Zone. Kilipigwa kwa filamu, ila msimu wa pili wakubwa wakataka kubana matumizi, vipindi sita vikarekodiwa kwa vidio. Leo ukinunua Blu-ray yake unatazama picha za kioo, mara unakutana na kimojawapo cha vile sita, unadhani umekalia rimoti. Kwahiyo ukiniuliza kipindi fulani kitatoka HD usinitajie mwaka, nitajie kilirekodiwa kwenye nini.

Habari kaka, niko Leicester huku Uingereza. Naangalia Doctor Who za zamani, ile tamthilia ya BBC, na mume wangu, wakiwa ndani ya nyumba picha ni laini laini kama taarifa ya habari, wakitoka nje inakuwa na chembechembe kama sinema. Halafu kuna hadithi moja ya 1970 yote iko safi. Kwanini? (Mama Kiingereza)

Dada una jicho. BBC walikuwa na utaratibu wao, studio wanatumia kamera kubwa za vidio zisizobebeka kirahisi, wakienda porini wanabeba kamera ndogo za filamu ya milimita 16. Ndo maana mtu anafungua mlango wa rangi moja anatokea upande wa pili kwenye picha ya rangi nyingine. Hiyo ya 1970 ni Spearhead from Space, studio zilikuwa na mgomo wa wafanyakazi ikabidi waipige yote nje kwa filamu, wakati ule nadhani walisonya, ila mgomo huo huo ndo uliofanya itoke Blu-ray ya HD ya kweli 2013. Milimita 16 sio kubwa kama 35 ila kwa HD inatosha. Nyingine za wakati ule zinazouzwa kwenye Blu-ray ni kanda iliyosafishwa vizuri ikakuzwa, sio HD ya kuzaliwa.

Na mshukuru Mungu hata hizo zipo. Kanda zilikuwa ghali, BBC wakazifuta warekodi vitu vingine, vipindi zaidi ya 90 vya miaka ya 60 havijulikani viliko. Vingine viliokolewa na nakala za filamu walizokuwa wanauza kwa stesheni za nje. Mwaka 2013 walitangaza vipindi tisa vimekutwa Jos, Nigeria, vimekaa stoo ya stesheni ya TV. Yaani mwenye mali kafuta, Mwafrika katunza. Nikikumbuka hilo natembea kifua mbele wiki nzima.

Kwanini wakitoa HD wanakata vichwa vya watu? (Morogoro)

Kwasababu TV ya zamani ilikuwa karibu mraba, 4 kwa 3, ya sasa ni pana 16 kwa 9, na wauzaji wanaogopa mteja akiona weusi pembeni atasema kaibiwa. Kwahiyo wanakata juu na chini. Seinfeld kuna kipindi kizima kinahusu shimo barabarani, walivyokata shimo lenyewe halionekani. The Simpsons ilipoingia Disney+ 2019 kuna utani wa kiwanda cha bia, bia tatu tofauti zinatoka bomba moja, wamelikata bomba, utani umekufa. Watu walipiga kelele mpaka 2020 wakarudisha umbo la asili kama chaguo. Buffy nayo walipopanua badala ya kukata ndo yakaonekana mataa na mafundi wamesimama pembeni.

Kama king'amuzi chako kina 4:3 weka hiyo, na weusi wa pembeni uuzoee.

Fundi, hizi za Wazungu tumeelewa. Vipi Vitimbi na Vioja Mahakamani za enzi za Mzee Ojwang na Mama Kayai, tutaziona HD siku moja? (Mzaliwa wa Nakuru)

Hili limenigusa. Kipindi cha studio cha kanda, cha KBC au cha stesheni yoyote, ukomo wake ni kanda yake. Mfumo wetu huku una mistari 576 ya kuonekana, umezidi kidogo ule wa Marekani, ila bado hata nusu ya vidoti vya HD haufiki. Kwahiyo HD hapana. Lakini ndugu yangu, hapo HD sio swali! Swali ni kanda yenyewe iko hai? Gundi inayoshika unga wa sumaku inazeeka, inaanza kunata na kubanduka, na hata ikiwa nzima unahitaji mashine ya kuichezea, Sony waliacha kuuza mashine za Betacam 2016, zilizobaki spea zake unazitoa kwenye mashine iliyokufa. UNESCO pamoja na watu wa nyaraka za sauti walishatoa tahadhari kwamba kanda zisizohamishwa mpaka kufikia 2025 nyingi zitapotea, na huo mwaka umeshafika.

Mimi nikiambiwa nichague, nataka Mzee Ojwang wa mistari 576 aliyehamishwa vizuri na kuwekwa sehemu tatu tofauti, kuliko kusubiri HD huku kanda zinaota ukungu kwenye joto.

Na nyie wenye VHS za harusi ni hivyo hivyo. Ukiona unga mweupe kwenye utepe USIICHEZE, utachafua kichwa cha deki na kila kanda utakayoweka baada ya hapo. Tafuta anayejua kusafisha. Ya kwangu nilimpa jamaa mmoja mtaani, karudisha flashi ameandika HD kwa maka pen nyekundu, nikaiweka mbele ya wakwe, picha ameivuta pembeni mpaka bi harusi kawa mnene kama ngoma ya mdundiko. Mama watoto hakuniongelesha siku mbili, kana kwamba niliyevuta ni mimi. Bahati kanda nilikuwa nimeidai.

Kwani siku hizi si kuna akili mnemba? Unaipa kanda mbovu inakutolea 4K. Mbona mnateseka na negativu? (IT, Arusha)

Nilijua utakuja wewe. Haitoi, inabuni. Haijui mtu yule alikuwa na kovu au kivuli, inachora kinachofanana na nyuso ilizojifunza. Kwa kupunguza chenga, kunyoosha mistari inayotetemeka, inasaidia na mimi naitumia, ukiwa na mkono mwepesi. Ukiiachia ikimbie yenyewe ndo yale ya A Different World iliyowekwa Netflix, sitcom ya kanda toka mwisho wa miaka ya 80, mwaka 2025 watu wakaanza kuonyeshana nyuso za watu wa nyuma zimeyeyuka na maandishi ukutani yamekuwa herufi za nchi isiyokuwepo. Picha kali kweli, ila ya watu wasiokuwepo. Filamu ipo? Iskaniwe. Haipo? Niachie ukungu wangu.

Mke wangu anataka nitupe DVD zangu zote, anasema kila kitu kipo mtandaoni kwa HD. Nina boksi mbili. (Mume mtiifu, Tanga)

Usitupe hata moja, na hapa nazungumza kama mwanandoa pia. Kwanza vingi havipo. Pili vikija vinaweza kuja vimebadilika, umbo limekatwa kama nilivyosema hapo juu, au nyimbo zimetolewa, maana mikataba ya muziki enzi zile ilikuwa ya kurusha kwenye TV tu, leo wenye nyimbo wanataka walipwe upya. WKRP in Cincinnati, kipindi kinachohusu stesheni ya redio, kilibadilishwa nyimbo kibao kwenye DVD, fikiria redio bila nyimbo zake. Moonlighting ya Bruce Willis iliisha 1989 ikaja kuingia mtandaoni Oktoba 2023, kilichoikwamisha zaidi ni malipo ya nyimbo.

Sasa fanya hivi, kwenye TV nenda kwenye mpangilio wa picha, ule ukali shusha karibu na sifuri, zima ile kitu ya kulainisha mwendo, weka 4:3, kisha vuta kiti nyuma hatua mbili. DVD yako itapendeza kuliko unavyodhani. Na mama mwambie fundi kasema utoe diski kwenye makasha, uzipange kwenye mifuko ya plastiki, boksi mbili zinakuwa boksi moja la viatu, chini ya kitanda.