Kabla Hujaifungua Draivu ya Servo, Nisikilize

Juzi fundi mmoja kijana aliniandikia. Mashine yao inatoa alamu ya enkoda, kile kihisi cha nyuma ya mota kinachosema shafti iko wapi. Wamebadilisha draivu, kile kifaa kinacholisha na kuiongoza mota ya servo, alamu haikuondoka. Wamebadilisha mota, alamu iko palepale. Sasa wakubwa wake wanataka kununua kontrola mpya, ubongo wa mashine nzima, na yeye ananiomba nimshauri ipi ni nzuri.

Mdogo wangu, msinunue chochote kwanza. Kati ya ile draivu mliyoitoa na ile mota mliyoitoa pana kebo, na katika ujumbe wako wote mrefu hiyo kebo hukuitaja hata mara moja.

Najua wengi mnaosoma hapa mnataka siku moja muitwe nyie pale wenzenu waliposhindwa. Na mimi nilikitaka hicho hicho tangu nikiwa nasuka koili za mota za kawaida, na nimekipata. Kilichonifikisha ni tabia moja tu: kazi naianza nje nikielekea ndani. Mashine yenyewe, breki, konekta, kebo, mota. Draivu naifungua mwisho. Yenyewe ndiyo yenye skrini na ndiyo inayopiga kelele, basi kila mtu anaivamia yenyewe. Lakini draivu inajua mambo machache sana: mkondo unaotoka, volti za DC zilizomo ndani yake, joto lake, na kile inachoambiwa na enkoda. Kilichousababisha mkondo huo kupanda haikijui.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mashine moja ya kuchonga chuma, mhimili wa Z, ule unaopanda na kushuka. Asubuhi ilifanya kazi vizuri. Ikishapata moto kidogo, alamu ya mzigo kuzidi inatokea. Ikizimwa ikapumzika, inarudi nzima. Nilipofika, draivu ilikuwa imeshabadilishwa na wahandisi walikuwa wanabishana kuhusu parameta, yaani mipangilio ya draivu. Nikauliza breki imepimwa? Mmoja wao akanijibu bila kugeuka: "Hayo tumeshamaliza, fundi. Wewe tusaidie boliti."

Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Mota ya mhimili wa wima huwa na breki ndani yake, na nyingi hufunguka kwa volti 24 za DC. Ukiipa umeme inaachia shafti, ukiukata inang'ata. Walikuwa wamechomoa konekta ya breki, wakapima kwenye pini, wakapata 24, wakaandika kwamba breki ni sawa. Mimi nikawaomba warudishe konekta, breki iwashwe, kisha nikapima kwa nyuma ya konekta huku mkondo ukipita. Mita ikaonyesha 19 na ushee. Kwenye paneli, wakati huohuo, ilikuwa 24 kamili.

Waya uliokatika karibu wote, ukabaki na nyuzi mbili tatu, bado utakupa volti zote ukiupima bila mzigo, kwa sababu hakuna mkondo wa kuzipoteza. Ukiubebesha kazi ndipo unajisema. Nikafuata waya mpaka kwenye kisanduku cha viungio kilichokuwa chini ya njia ya maji ya kupoozea. Kifuniko kilikuwa kimekosa skrubu moja. Ndani, terminali moja ilikuwa na kutu ya kijani nene kama ukoko, na skrubu yake ukiigusa inazunguka yenyewe.

Kwa nini basi asubuhi mashine ilikubali? Kwa sababu shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ya breki ikiwa baridi, zile volti 19 zilitosha kwa shida kuifungua. Ikishapata moto, mkondo unapungua, breki inaanza kukwaruza, mota inasukuma dhidi ya breki yake yenyewe, mkondo wa mota unapanda, draivu inapiga alamu. Draivu ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza. Nilikata waya, nikaweka terminali mpya, nikafunga kifuniko kwa silikoni, ikaisha.

Baadaye niliiona ripoti ya kazi ile. Imeandikwa kwamba hitilafu iliondolewa kwa kurekebisha parameta za draivu. Fundi wa boliti hayumo. Siumii tena, au niseme siumii kila siku, lakini tangu hapo kila ninakokwenda napiga picha ya mita ikiwa kwenye kipimo, na nawashauri nanyi mfanye hivyo. Na pimeni kitu kikiwa kinafanya kazi. Kipimo cha waya usio na mzigo kimewadanganya watu wenye vyeti vingi kuliko vyangu.

Sasa turudi kwenye enkoda. Kebo ya enkoda ikipita kwenye mnyororo wa kebo unaotembea na mashine, hukatikia ndani, ganda la nje likibaki zuri kabisa. Dalili yake ni alamu kutokea mhimili ukifika mahali fulani, au ukigeuza mwelekeo. Enkoda nyingi hutumia volti 5, na volti 5 hazina akiba ya kupoteza njiani: pima upande wa mota, usiridhike na upande wa draivu. Angalia konekta ya mota kama imeingia mafuta. Angalia wavu wa kinga wa kebo kama umebanwa vizuri kwenye ethi, au kama kuna mtu aliusokota ukawa mkia mrefu akaufunga kwenye skrubu. Mkia huo ni kama hakuna kinga, na kebo ya nguvu ikilala jirani yake, kelele zote za umeme za draivu zinaingia kwenye ishara.

Alamu ya mkondo mwingi ina njia yake. Zima umeme, ngoja, toa nyaya tatu zinazolisha mota, U, V na W, kwenye draivu, kisha washa na uipe amri ya kuamka. Ikipiga alamu ileile papo hapo bila mota, hapo ndipo draivu inastahili bisibisi. Ikitulia au ikitoa malalamiko tofauti, hamia kwenye kebo na mota. Ila jaribio hili usilifanye kabisa kwenye mhimili wa wima ambao haujauwekea gogo la kuuzuia: draivu ikiamka inaachia breki, na mota haipo kuushika uzito. Mhimili utashuka wote, na kilicho chini yake kitajua.

Niliposema ngoja, sikuwa natania. Draivu inayolishwa umeme wa fezi tatu wa volti 400 huwa na takriban volti 565 za DC kwenye kapasita zake, na hazitoweki ukizima swichi. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye lebo yake. Subiri muda huo, halafu upime mwenyewe kati ya chanya na hasi. Taa ndogo iliyozimika si kipimo.

Kwenye mota, pima ukinzani wa U na V, V na W, W na U. Viwe sawa. Mita ya kawaida hutatizika na ohimu chini ya moja, kwa hiyo ukipata mita ya ohimu ndogo utumie hiyo. Kisha mega, mita inayopima kama umeme unavuja, ya volti 500, koili kwa bodi, nyaya zikiwa zimetolewa kabisa kwenye draivu. Mega ikipigwa draivu ikiwa bado imeungwa, umemuua mgonjwa aliyekuja kupimwa tu. Nyaya za enkoda na za kihisi cha joto usizipige mega kamwe.

Alamu ya volti kuzidi, ikija wakati mashine inapunguza kasi, tazama rezista ya breki kama imekatika; si ile breki ya shafti, ni rezista inayochoma umeme ambao mota inaurudisha ikipunguza kasi. Mara nyingi inaishia hapo, sina la kuongeza.

Betri ya enkoda ibadilisheni mapema, na kwa mifumo mingi ibadilishwe umeme wa draivu ukiwa umewashwa, la sivyo mashine inasahau sifuri yake na mtashinda mkiipangia upya nafasi. Mtengenezaji ameeleza hilo kwenye kitabu chake. Kisomeni. Fundi anayeona kusoma kitabu ni aibu ananichosha kuliko mashine yoyote mbovu.

Na hili la mwisho, mimi niliyeanzia kwenye kusuka koili nina haki ya kulisema. Mota nyingi za servo zina sumaku za kudumu kwenye rota, sehemu inayozunguka, na enkoda ndiyo inayoiambia draivu sumaku hizo zimeelekea wapi. Ukiitoa enkoda ukairudisha kwa pembe nyingine, draivu inasukuma mkondo mahali pasipo pake: mota inatetemeka na kuunguruma, au inachomoka kwa kasi mara tu inapoamshwa. Alama ya kalamu kwenye shafti inasaidia, lakini ulinganishaji wenyewe unafanywa kwa utaratibu wa mtengenezaji. Kwa hiyo mota ikirudi kutoka kwa msukaji, muulizeni kama enkoda iliondolewa. Akisema ndiyo, msiifunge kwenye mashine. Ibaneni mezani kwa nguvu, shafti isiungwe na chochote, kasi na torki (nguvu ya kuzungusha) ziwekwe chini kabisa kwenye parameta, na mtu mmoja asimame kwenye swichi ya dharura kabla hamjaiamsha.