Samaki kipepeo amekataa kula, na maji ni safi

SWALI: Daktari, niko Milimani, Kisumu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 200. Wiki iliyopita nililetewa kutoka Mombasa samaki kipepeo wa njano, mwenye mistari myembamba ya bluu iliyolala kutoka kichwani hadi karibu na mkia. Amonia na nitraiti, zile sumu zitokazo kwenye uchafu wa samaki, ni sufuri. Nimempa chakula cha ngege, omena iliyosagwa, hata kamba. Anadonoa mawe tu, chakula hakigusi. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Maji yako hayana kosa. Kwa jinsi ulivyoieleza ile mistari, huyo anaelekea kuwa Chaetodon trifasciatus, na chakula chake ni matumbawe hai: hudonoa polipu, vile vinyama vidogo vinavyoota juu ya tumbawe. Ndiyo maana hatoki kwenye mawe. Samaki wa aina hii hufa njaa ndani ya maji safi kabisa, na huniuma kila nikimwona akiuzwa, maana aliyemvua angemwacha mwambani angeishi.

Mtazame sasa hivi akigeuka ubavu. Nyama iliyo juu ya macho, kuelekea mgongoni, ikiwa imebonyea na tumbo limeingia ndani, muda umebaki mchache.

Jaribu hivi leo. Pasua chaza au kombe mbichi, umweke tangini akiwa ndani ya gamba lake. Asipomgusa, saga nyama ya chaza na kamba, ishindilie kwenye vitundu vya tumbawe lililokufa, igandishe kwenye friji, kisha uweke kipande hicho palepale anapopenda kudonoa. Angua pia mayai ya artemia, vile vikamba vidogo sana vya maji ya chumvi, umpe vikiwa hai. Kwa joto la Kisumu, kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa hewa, huchukua kama siku moja. Kinachotapatapa humvutia kuliko kilichotulia. Akianza kula, mpe kidogo kidogo mara 4 au 5 kwa siku, na utoe mabaki kabla hayajaoza.

Omena na chakula cha ngege viache. Ni vya maji baridi, si chakula alichozoea samaki huyu wa bahari. Na tafadhali usiagize matumbawe hai ya kumlisha. Utaharibu mwamba kwa ajili ya samaki mmoja. Ziwani usimtie kabisa, chumvi hakuna, atakufa. Mpigie aliyekuuzia leo hii umuulize kama atamchukua.

Ukitaka kufuga kipepeo, tafuta Chaetodon auriga: mweupe, michirizi ya mshazari, nyuma njano, na akikomaa ana uzi mrefu kwenye pezi la mgongoni. Huyu hula kamba, chaza, na hata mwani kidogo. Ila hufikia sentimita 20 na zaidi, kwa hiyo lita 200 hazimtoshi. Anza na 400. Matumbawe na viumbe laini wa mawe usiweke naye, atawamaliza. Stima zikipotea hewa hupungua haraka, kwani maji ya moto yenye chumvi hushika oksijeni kidogo. Pampu ya betri iwe tayari kabla samaki hajafika.

Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Asipomeza, usimnunue, hata akipunguziwa bei.